Langu Liko Wapi?

Baba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akalinyanyua lile gari dogo la plastiki kwa mikono miwili na kuligeuza taratibu. Akaangalia chini ya chesisi. Akaangalia taa. Akapitisha kidole gumba juu ya paa, kama afanyavyo fundi bodi anayetafuta bonde ambalo macho hayalioni.

"Ni zuri," akasema. "Zuri sana, baba. Na langu liko wapi?"

Mama alikuwa anamimina chai. Mkono wake ukasimama hewani.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Ndilo hilo, Baba. Ndilo lile la kabatini." Akaliangalia tena, kwa adabu, kama mtu anayeoneshwa picha ya mtoto wa watu. Akaliweka juu ya kitambaa cha meza, akavuta kikombe chake.

"Haya. Asante."

Lilikuwa gari lake. Nilikuwa nimekaa nalo miezi minne.

Naandika hili kwanza ili nisieleweke vibaya: Baba hajapoteza kumbukumbu. Mpaka leo ukimwonesha picha ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe atakutajia umri wake kwa kuangalia dirisha la nyuma. Lililogawanyika katikati, hilo ni la mpaka mwaka 1953. Lenye umbo la yai, mpaka 1957. Baada ya hapo ni la pembe nne, na ukitaka kuendelea kubagua unahamia kwenye taa na bampa. Mtu wa namna hiyo hakosei gari.

Jioni ile niliteremka kutoka Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro, kwa Haisi, nimepakata boksi tupu. Swali lake nikateremka nalo, na kwa wiki tatu halikunitoka.

Gari la kabatini

Kabati lenyewe mnalijua. Kila nyumba ya mlimani inalo: glasi za wageni ambazo wageni hawazinywei, vikombe vya harusi, chupa ya chai iliyopasuka ndani lakini maua yake bado yanapendeza, picha ya kipaimara. La kwetu lilikuwa na kitu kimoja zaidi. Rafu ya pili, mkono wa kushoto, kulikuwa na Volkswagen ya kijani, urefu wake haukufika sentimita kumi na tatu.

Hatukuruhusiwa kuigusa. Tuliruhusiwa kuitazama kupitia kioo, na tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaacha alama za pua pale.

Baba alikuwa fundi wa magari. Miaka hiyo alikuwa akihudumia Volkswagen ya Mwingereza mmoja aliyekuja kufundisha ufundi. Mwaka 1984, mwaka niliozaliwa, mkataba wa yule bwana ulikwisha, akagawa vitu vyake kabla ya kuondoka. Wengine walipata vitanda na sufuria. Baba alipata boksi lenye vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu zake, tyubu ya gundi, na karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo ipo hadi leo, imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Ni ya Airfix, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitoa magari ya kuunga ya skeli ya 1/32. Yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 32 za gari la kweli.

Mama anasema aliliunga usiku, kwa taa ya chemli, baada ya kunawa grisi. Alikuwa akimaliza kipande kimoja anakaa kukitazama.

Mimi sijawahi kumwona Baba akifanya kitu kisicho na mteja. Mikono yake niliijua ikiwa ndani ya injini, au ikishika jembe, au imelala juu ya magoti siku ya Jumapili. Lile gari la kijani lilikuwa ushahidi pekee kwamba mikono ile iliwahi kufanya kazi ambayo hakuna mtu angeilipia.

Nadhani ndiyo maana nami nikaangukia humu. Ni fundi simu, kibanda changu kiko mjini Moshi, kwa hiyo vifaa karibu vyote nilikuwa navyo kabla sijajua vina matumizi mengine: kibanio cha ncha kali, taa yenye lenzi, bisibisi ndogo, spiriti. Boksi langu la kwanza nililikuta soko la Memorial katikati ya vyombo vya mitumba, la Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, limefunguliwa, fremu moja haipo. Nilijenga kilichokuwepo. Sasa ninayo magari kumi na manne rafuni, mengi ni ya skeli ya 1/24, na mengine niliyapokea yakiwa yameshaharibika nikayarudisha.

Kurudisha ndiko ninakokupenda zaidi. Modeli mpya inakupa maelekezo. Iliyoharibika inakupa mafumbo.

Basi Februari nikamwomba Baba nilitengeneze lake. Rangi ilikuwa imepasuka. Bampa ya nyuma ilikatika. Vioo vimekwaruzika mpaka ndani hakuonekani. Magurudumu ya mbele hayakuelewana: la kushoto lilitazama mbele, la kulia lilikaa mshazari.

"Lichukue," Baba akasema.

Neno hilo tu. Sikumuuliza kitu kingine, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa ilinichukua muda kupajua.

Mafuta ya breki

Modeli nyingi za magari ni plastiki ya polistirini. Haipendi tina wala petroli. Ukiimwagia inalainika na kuharibika uso. Lakini mafuta ya breki, yale ya kopo unayonunua duka lolote la spea, yanaivumilia plastiki hiyo na kuikataa rangi. Unavaa glavu, unaweka bodi kwenye bakuli lenye mfuniko, unafunika, unaliacha usiku kucha mbali na watoto.

Asubuhi nilifungua bakuli. Rangi ya kijani ilikuwa imejikunja juu ya paa kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nilipoigusa kwa mswaki ikateleza, vipande vizima vizima, na chini yake mistari ya milango ikatokea, mikali, kama imechorwa jana. Nakiri nilisikia raha. Rangi aliyotumia Baba ilikuwa ya mafuta, ya kupakia mbao, na aliipaka kwa brashi. Piga hesabu: rangi yenye unene wa nusu milimita kwenye skeli ya 1/32 ni sawa na sentimita 1.6 kwenye gari la kweli. Milango ile isingeweza kufunguka. Vishikizo vilikuwa vimezama.

Nikasugua mpaka maji yakawa safi.

Maungio sikuyagusa, na hata ningetaka nisingeweza. Gundi ya modeli haifanyi kazi kama gundi ya karatasi inayokaa katikati na kushika huku na huku. Inayeyusha ncha za plastiki, zinaingiliana, dawa inaruka hewani, na kinachobaki ni plastiki moja. Pale Baba alipounga chesisi mwaka 1984 hapana mstari tena. Ukitaka kutenganisha itabidi ukate kwa msumeno.

Ndivyo nilivyofanya kwenye gurudumu la mbele la kulia. Nilikata kwa kiwembe cha msumeno, polepole, karibu saa nzima, kwa sababu kijiti cha ekseli kilikuwa kimeungana kabisa na chesisi. La kushoto lilitoka lenyewe nilipoligusa kwa ncha ya kisu. Lilishikiliwa na tone la gundi ya njano, ngumu, iliyokauka kama utomvu wa mti.

Magurudumu mawili, ekseli moja, gundi mbili tofauti.

Niliona. Nakumbuka kabisa kwamba niliona, nikapangusa ile ya njano kwa kidole, nikaendelea. Nikatengeneza vijiti vipya, nikayanyoosha yote mawili yatazame mbele. Mtu anayetengeneza modeli anajua jinsi magurudumu manne yanavyokaa juu ya kioo bila hata moja kuning'inia, na ile furaha yake. Nilikuwa na hiyo furaha.

Vioo nilivisugua kwa msasa namba 2000 uliolowekwa maji, halafu dawa ya meno nyeupe na kipande cha fulana, dakika ishirini kila kimoja, mpaka usukani ukaonekana. Bampa nikaichonga upya.

Ukaja utafiti wa rangi, na huko nilipotelea wiki mbili. Nilitazama picha za Volkswagen kutoka kila pembe ya dunia. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, kwa hiyo picha hazikosekani. Nikafika hadi kwenye mashindano ya magari ya Safari, enzi yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa matope ya Pasaka, nikasoma jinsi Tommy Fjastad alivyoshinda mwaka 1962 kwa gari hilihili, lenye injini nyuma inayopozwa kwa upepo, lisilo na rejeta ya kuchemsha. Nikachagua nyeupe ya maziwa. Nikaenda duka la rangi za magari wakanichanganyia kikopo.

Nilisoma habari za Mexico na za 1962. Mwenye gari alikuwa nauli moja ya Haisi kutoka kibandani kwangu.

Masika

Hapa nilisimama miezi miwili, na wenzangu mnaopuliza rangi huku kwetu mtanielewa.

Praima, ile rangi ya chini, ilikubali. Nyeupe ikakubali. Napuliza kwa kompresa ya friji niliyofungiwa na fundi mmoja wa Majengo. Haina kelele na upepo wake hautikisiki. Lakini koti la mwisho, lile la mng'aro, nililipiga jioni moja ya Aprili, mvua imekata saa moja iliyopita, hewa imejaa unyevu. Mbele ya macho yangu mng'aro ukafa. Uso wote ukawa na ukungu kama kioo ulichokipulizia pumzi.

Sababu yake ni hii. Tina ya rangi za magari inaruka haraka sana, na inaporuka inaondoka na joto. Uso unapoa, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa ndani ya rangi kabla haijakauka. Dawa ni kungoja siku kavu, kupuliza vumbi jembamba la tina inayokauka polepole ili rangi ilainike na kuachia yale maji, kisha kutulia.

Siku kavu haikuja mpaka Juni. Niliifunika bodi kwa bakuli na kuiacha juu ya kabati la nguo. Kila asubuhi nilikuwa naangalia mlima. Ukijifunika, naenda kazini.

Juni ikaja, ukungu ukatoka, nikalipeleka kwa Baba.

Siku ipi?

Mwenzangu mmoja wa Arusha, tunayetumiana picha za kazi zetu, aliniambia nimpe mzee muda, atazoea. Nilimjibu ndiyo. Lakini moyoni nilijua Baba hakusema halijazoeleka. Alisema si lake.

Niliporudi kibandani nilikuwa nafungua simu za watu huku nawaza. Mteja analeta simu iliyopasuka kioo. Anataka iwe kama ilivyokuwa. Kama ilivyokuwa lini? Jana kabla haijaanguka, au siku aliyoitoa dukani? Kwa simu swali hilo halina uzito. Kwa modeli iliyokaa kabatini karibu miaka arobaini lina uzito wote.

Nilipita gereji moja ninayoifahamu, fundi bodi pale ni mtu mzima, nikamweleza. Hakushangaa. Akasema yeye gari kuukuu likiingia, kabla ya kushika nyundo humuuliza mwenye gari, "Unataka liwe kama lilivyotoka kiwandani, au kama lilivyokuwa ulipolipenda?" Wapo wanaojibu hapohapo. Wapo wanaorudi nyumbani kufikiri kwanza.

Nikakaa kimya. Swali ambalo kila mwenye pikapu bovu huulizwa pale, mimi sikumuuliza baba yangu mzazi.

Kwa kuwa nilitaka jibu haraka, nikajipa mwenyewe: ni rangi. Ile ya kijani. Nimemvua gari lake koti alilolijua, nimelivika nyeupe ya watu wa Ujerumani. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kuamini, mpaka nikaanza kuona haya kwa ile raha niliyoisikia asubuhi ya mafuta ya breki.

Nikatafuta kijani kilichobaki. Ndani ya bakuli la vipande vya zamani kulikuwa na ile bampa iliyokatika, na kwenye mkunjo wake, kwa upande wa ndani, kuna doa la rangi lisilozidi punje ya ulezi. Nikalipeleka dukani. Kijana wa rangi alilitazama kwenye mwanga wa mlangoni, akachanganya, akalinganisha, akaongeza tone la nyeusi, akalinganisha tena. Alipomaliza, doa na rangi ya kopo havikutofautiana.

Hapo shaka ikaanza upya. Rangi ninayo, lakini nitaipakaje? Nikipuliza, itakuwa kijani safi ya kiwandani, si ile. Nikipaka kwa brashi nene, niache michirizi, nijaze mistari ya milango makusudi, nitakuwa naghushi mkono wa Baba. Nimewahi kuona modeli zilizozeeshwa kwa ustadi mkubwa, kutu ya uongo, vumbi la uongo, na kazi hiyo naiheshimu. Ni sehemu ya sanaa yetu. Lakini kutengeneza makosa ya mtu aliye hai, halafu umpelekee useme haya yako, sikuweza.

Kopo lilikaa mezani siku tisa bila kufunguliwa.

Siku ya kumi nikalifunga kwenye mfuko pamoja na brashi, kisu, kiwembe cha msumeno, gundi, mabaki ya fremu na msasa, nikapanda Haisi. Sikuwa na mpango. Nilikuwa naenda kuuliza.

Kijani

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umerudi na lingine?"

Nilitoa kopo, nikalifungua, nikamwonesha. Nikamweleza yote: jinsi nilivyoitoa rangi yake, jinsi nilivyoipata sampuli yake kwenye bampa, jinsi ninavyoogopa kuipaka. Nikamwomba radhi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

Baba alichungulia ndani ya kopo.

"Hii ni rangi ya madirisha ya kanisa," akasema. "Ilibaki kidogo walipomaliza kupaka. Nilikuwa sina nyingine." Akalisukuma kopo pembeni. "Gari lenyewe, la yule Mwingereza, lilikuwa la bluu. Bluu iliyopauka. Mimi kijani sijawahi kuipenda."

Nilitazama Volkswagen nyeupe iliyokuwa imekaa rafuni, mahali palepale pa siku zote. Nyeupe haikuwa kweli. Kijani nacho hakikuwa kweli. Wiki tatu nilikuwa nahangaikia salio la madirisha ya kanisa.

"Sasa, Baba, ulisema si lako. Kwa nini?"

Alinyanyuka, akafungua kabati, akalitoa gari, akaliweka mezani baina yetu. Akaweka kidole cha shahada mbele ya gurudumu.

"Hili limeegeshwa na mtu wa tambarare."

Kuegesha mlimani

Kama umezaliwa mlimani hutahitaji maelezo, na kama hukuzaliwa mlimani nitajaribu.

Njia ya kwetu inashuka. Ukiwa unateremka, ukingo wa udongo uko kulia, na kushoto kuna migomba mitatu, minne, halafu korongo. Volkswagen ya yule Mwingereza ilikuwa na breki ya mkono iliyochoka. Waya wake ulishavutika, na kila Baba alipoukaza ulilegea tena. Kwa hiyo kila alipokuja nalo nyumbani kulifanyia kazi, hakuliacha hata mara moja magurudumu yakitazama mbele. Alikata usukani wote kulia, halafu akalizima. Breki ikiachia usiku, gari linajigonga ukingoni na kusimama. Haliendi korongoni.

"Kila jioni niliyokuwa nalo hapa, lilikaa hivyo," akasema. "Ndivyo nilivyolijenga."

Karatasi ya maelekezo inaonesha magurudumu yaliyonyooka. Baba alikata vijiti vya ekseli kwa wembe na kuvigundisha kwa mshazari, yote mawili, kwa pembe ileile. Halikuwa gari kama linavyotoka kiwandani wala kama linavyokimbia mashindanoni. Lilikuwa gari lililolala nje ya nyumba yetu.

Nikamwuliza, "Yote mawili? Mbona la kushoto lilikuwa limenyooka?"

Baba akamtazama Mama. Mama akaangalia ungo.

"La kushoto ulilivunja wewe."

Sikukumbuka, halafu nikakumbuka kila kitu kwa mkupuo mmoja. Darasa la tatu. Nyumba haina mtu. Kiti cha stuli, kioo cha kabati kinachokwama ukikifungua, gari mkononi mwangu kwa mara ya kwanza, jepesi kuliko nilivyodhani. Sakafu ya saruji. Gurudumu lilijificha chini ya kochi, nikalitafuta kwa tumbo. Gundi ya viatu niliitoa kwenye boksi la kaka yangu, ya njano, inanuka. Nililigundisha kama nilivyojua magari yanavyokaa, likitazama mbele, nikalirudisha rafuni na kuligeuza ili upande ule uangalie ukuta.

Nilikuwa na miaka tisa. Wala sikugundua kwamba lenzake limepinda.

Yaani nilipokata gurudumu la kulia kwa saa nzima mwaka huu, lile ambalo halikutaka kutoka kwa sababu plastiki yake na ya chesisi zilikuwa kitu kimoja, nilikuwa naiondoa kazi ya Baba ili ifanane na yangu. Gundi mbili zilikuwa mbele ya macho yangu. Kazi yangu ya kila siku ni kujua nani aliifungua simu kabla yangu na alitumia nini, na mkono ambao sikuutambua ulikuwa wangu.

"Ulijua siku zote?" nikauliza.

"Gundi ya viatu inanuka wiki nzima," Mama akajibu kwa niaba yake.

"Mbona hukunichapa?"

Baba alifikiri. "Ulijitahidi. Lilishika."

Mshumaa

Sikuwa na vijiti vya kipenyo kile, lakini nilikuwa na mabaki ya fremu. Mama akawasha mshumaa. Unashika kipande cha fremu kwa ncha zake mbili, unakizungusha juu ya mwali bila kukiingiza ndani, mpaka katikati panang'aa na kuanza kulegea. Unatoa nje ya mwali, unahesabu moja, unavuta. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba kuliko unywele. Tunautumia kwa antena. Ukivuta polepole unapata kijiti. Kinaganda palepale hewani, kimenyooka.

Baba alisogeza kiti. Akataka nirudie. Nikarudia. Cha tatu akavuta mwenyewe. Mkono wake hautulii siku hizi, kikatoka na kiuno kama cha nyigu. Cha nne kilikuwa kizuri kuliko vyangu vyote, na hicho ndicho tulichokikata vipande viwili.

Nikayatoa magurudumu. Yalikuwa ya kazi yangu, hayakunipa shida. Nikachonga mahali pa kukaa, nikapaka gundi, nikaweka la kulia, nikaanza kulizungusha kwa kibanio.

"Zaidi," Baba akasema.

Nikazungusha.

"Zaidi. Usukani ulikuwa unagonga mwisho."

Akaweka kiganja chake mezani kwa mshazari ili nione pembe, na nikalinganisha gurudumu na kiganja, halafu la pili na la kwanza. Tukasubiri gundi ishike. Rangi nilimwuliza, bluu ya kupauka ningeweza kuitafuta. Akasema nyeupe iache, inaonekana vizuri gizani kule kabatini. Kopo la kijani Mama alilichukua. Kuna dirisha la jikoni.

Gundi iliposhika, Baba alilibeba mwenyewe hadi kabatini. Akaliweka rafu ya pili, mkono wa kushoto, akafunga kioo. Akasimama. Kioo kile bado kinakwama. Alikivuta tena, akaingiza mkono, akalisogeza kwa kidole mpaka magurudumu ya mbele yakagusa ubao wa nyuma wa kabati.

Akafunga, akaniuliza kama Haisi ya mwisho haijaniacha.